Utando Usiopimwa: Hoja kuhusu Utafiti wa Nishati kati ya Ruiru na Thika

Kabla vyuo vyetu havijaanza kuandika kwa wingi kuhusu tando nyembamba za kuzalisha umeme, wakulima wa Kenya walikuwa wamekwisha kuzipandisha juu ya mabati yao. Katika miaka ya 1990 paneli iliyouzwa sana madukani haikuwa ile ya vipande vya silikoni tunayoizoea leo. Ilikuwa kioo cha hudhurungi iliyokolea, chenye wati 12 au 14, na nyuma ya kioo hicho palipakwa silikoni isiyo na fuwele, unene wake ukiwa chini ya mikromita moja. Mtu aliinunua kwa fedha zake mwenyewe, bila ruzuku, akaibeba kwa matatu hadi kwake, akaiunganisha na betri, akawasha taa mbili tatu na televisheni ndogo isiyo ya rangi. Kufikia mwaka 2000 zaidi ya kaya 100,000 zilikuwa na sola ya nyumbani, sehemu kubwa ikiwa ya aina hii, na soko la Kenya likawa mojawapo ya masoko makubwa kabisa duniani ya sola isiyo na ruzuku.

Mwaka 1999 kundi la watafiti, miongoni mwao Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen, lilizipima paneli hizo nchini Kenya, chini ya jua halisi. Walichokiona ni rahisi kukisema na kigumu kukimeza: kuna chapa zilizotoa nguvu iliyokaribia ile iliyoandikwa kwenye lebo, na kuna chapa iliyouzwa sana iliyotoa pungufu mno. Habari zilipoenea, bidhaa ikarekebishwa. Jacobson na Kammen waliporudia kazi hiyo mwaka 2004 na 2005, paneli duni zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni tena. Hitimisho lao, lililochapishwa mwaka 2007, ni kwamba kupima mara moja hakutoshi. Ubora hulindwa na taasisi inayopima bila kukoma.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kinabeba hoja ya makala hii. Maabara za sayansi ya maada zilizo kando ya Barabara Kuu ya Thika zimejifunza kutengeneza tando nyembamba na maada za nano kwa ustadi wa kuridhisha. Kazi ambayo nchi inaihitaji zaidi, na ambayo hakuna mtu wa China wala Ujerumani atakayetufanyia, ni kupima: kupima vizuri, kupima kwa muda mrefu, na kupima chini ya jua letu wenyewe. Mizani ya utafiti wetu imeelemea upande wa kutengeneza kiasi kwamba upande wa pili umebaki kuwa desturi ya kujazia sura ya nne ya tasnifu.

Kutoka Kahawa hadi Juja

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Thika hukutana kwanza na Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa. Huipita Ruiru, mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia watu wapatao 490,000, kisha Juja penye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ndipo aingie Thika na viwanda vyake. Chuo cha Juja kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani kikiwa chuo cha kati, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Ndani ya uwanja wake mna taasisi ya sayansi ya msingi, teknolojia na uvumbuzi ya Pan African University, inayopokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka pande zote za bara. Kwa hiyo katika kipande cha barabara cha kilomita 25 hivi kuna mkusanyiko wa wanafizikia, wanakemia na wahandisi ambao ni vigumu kuupata kwingine Afrika Mashariki.

Mizizi ya taaluma yenyewe inarudi nyuma zaidi. Mpango wa Kimataifa wa Sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ulioanza mwaka 1961, ulisaidia kwa miongo kadhaa makundi ya fizikia ya eneo hili, na mtandao wa MSSEESA ukawaunganisha watafiti wa sayansi ya maada na nishati ya jua wa Afrika Mashariki na Kusini. Ndiyo maana tasnifu za Kahawa, Juja, Chiromo (Chuo Kikuu cha Nairobi) na Dar es Salaam zinafanana sana katika maada zinazochunguza: oksidi ya bati, oksidi ya zinki, dioksidi ya titani, salfaidi ya kadmiamu. Ni maada zinazoweza kupatikana bila vyumba visivyo na vumbi wala mashine za mamilioni.

Njia inayopendwa ni ya kunyunyizia, nayo inapendwa kwa sababu inawezekana. Kioo hukatwa vipande vidogo, kikaoshwa kwa sabuni, asetoni, ethanoli na maji yaliyoondolewa madini. Kloridi ya bati huyeyushwa katika ethanoli, ikatiwa floraidi kidogo, kisha mchanganyiko hunyunyizwa kwa hewa iliyoshindiliwa juu ya kioo kilicholala kwenye bamba lenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Tone likifika pale, kimiminika hutoka na mvuke wenye harufu kali ya asidi, kinachobaki ni oksidi. Baada ya muda mfupi kioo, kingali kinapitisha mwanga, huanza kuonyesha mawimbi ya waridi na kijani. Rangi hizo si uchafu. Ni mwanga unaorudi kutoka uso wa juu wa utando ukikutana na ule unaorudi kutoka uso wa chini, na kila rangi inataja unene wa mahali pake. Pete zikiwa nyingi, mwanafunzi anajua bomba lake halikunyunyiza sawasawa. Na kwa floraidi ile kidogo, utando unapitisha umeme vizuri ingawa unaendelea kupitisha mwanga. Kioo cha namna hiyo ndicho kinachobeba seli za sola za aina kadhaa. Haya yote yanategemea stima isipotee bamba likiwa moto, maana ikipotea joto hushuka na sampuli ya mchana haifanani tena na ya asubuhi.

Baada ya hapo kazi huenda mbio kupita kiasi. Utando huwekwa kwenye spektrofotomita, ufyonzaji wake wa mwanga ukachorwa kwa mtindo uliotokana na kazi ya Jan Tauc ya mwaka 1966, mstari mnyoofu ukapitishwa kwa jicho, na pale mstari unapokata mhimili pakaitwa pengo la nishati. Mstari ukisogezwa kidogo, jibu linasogea nao. Mtafiti akidhani elektroni huvuka pengo moja kwa moja wakati katika maada ile huvuka kwa kusaidiwa na mtikisiko wa fuwele, jibu linabadilika kabisa ingawa vipimo ni vilevile. Mawimbi yaliyoleta rangi za waridi na kijani nayo huingia katika mchoro na kudanganya, isipokuwa yatumiwe inavyostahili, kama R. Swanepoel alivyoonyesha mwaka 1983, kukokotoa unene wa utando wenyewe.

Chukua eksirei vilevile. Dioksidi ya titani ya aina ya anatesi ikimulikwa kwa eksirei ya shaba hutoa kilele karibu na nyuzi 25.3. Kilele hicho kikiwa na upana wa nyuzi 0.5, kanuni ambayo Paul Scherrer aliitoa mwaka 1918 inatupa chembe za nanomita 16. Lakini mashine yenyewe hupanua kilele, hata kwa fuwele kubwa isiyo na dosari. Ikiwa nyuzi 0.1 kati ya hizo ni za mashine, na tukizitoa moja kwa moja, chembe inakuwa ya nanomita 20. Mkazo ulio ndani ya utando nao huongeza upana. Hakuna hata moja kati ya haya lisilokuwamo vitabuni. Hata hivyo si ajabu kusoma kazi inayotaja ukubwa wa chembe kwa desimali mbili bila kusema mashine ilihakikiwa kwa sampuli gani ya rejea. Desimali mbili zinavutia macho, lakini bila uhakiki hazina maana yoyote.

Kisha inakuja sentensi ya mwisho, ile ambayo kila mtahini wa tasnifu hizi anaijua kwa moyo: kwamba utando uliopatikana unafaa kwa matumizi ya seli za sola. Seli haikutengenezwa. Utando haukuwahi kutolewa nje ya jengo.

Mbio zina wenyewe

Kuna wanaoamini kwamba dawa ni kuongeza bidii ya kutengeneza. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel walionyesha kwamba chembe za nano za dioksidi ya titani zilizopakwa rangi ya kunasa mwanga zinaweza kuzalisha umeme kwa ufanisi wa zaidi ya asilimia 7, bila ombwe na bila silikoni. Habari hiyo iliamsha maabara nyingi zisizo na fedha, zetu zikiwamo. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Japani likatoa seli ya perovskaiti yenye ufanisi wa asilimia 3.8, leo seli za maada hiyo zimepita asilimia 26. Wakati huohuo silikoni ya kawaida haikukaa ikingoja. Bei ya paneli zake duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90 ndani ya muongo wa 2010, na paneli yenye ufanisi wa asilimia 20 inauzwa leo Thika mjini katika maduka ya vifaa vya umeme.

Mtu anayetengeneza Juja seli yenye ukubwa wa ukucha na ufanisi wa asilimia 2 hashindani na maduka hayo, na wala hapaswi kudai anashindana. Hata kiwanda cha Naivasha, Solinc, kilichoanza kazi mwaka 2011, huunganisha paneli kwa seli zinazoagizwa kutoka nje. Tunazungumzia sekta ambayo viwanda vyake vinapima uzalishaji kwa gigawati.

Lakini mbio hizo zina udhaifu, nao uko pale pale tunapoweza kusimama. Perovskaiti huharibiwa na unyevunyevu, joto na mwanga wenyewe. Silikoni isiyo na fuwele ina ugonjwa wake, uliogunduliwa mwaka 1977 na David Staebler na Christopher Wronski: ikianikwa juani hupoteza sehemu ya nguvu yake katika wiki na miezi ya mwanzo, mara nyingi asilimia 15 hadi 30, kisha hutulia, na hurudisha kiasi ikipata joto la kutosha. Viwango vya kimataifa vya paneli, hasa IEC 61215, hupima uvumilivu ndani ya kabati: saa 1,000 katika nyuzi 85 na unyevunyevu wa asilimia 85, na mizunguko 200 ya joto na baridi. Ni vipimo vya maana. Hata hivyo havielezi Thika. Hapa tuko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, digrii moja kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba, na miale ya urujuanimno ni mikali kuliko ya nchi nyingi zinakobuniwa maada hizi. Mawingu yaliyotawanyika huakisi mwanga kiasi kwamba kwa dakika chache paneli hupokea zaidi ya wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kisha kivuli kikaja ghafla. Halafu inafika Julai na wiki za mawingu mazito na baridi, wakati ambapo silikoni isiyo na fuwele haipati joto la kuiponya. Hakuna kabati lililopangwa kuiga mwaka wa namna hiyo. Mwaka wenyewe unapatikana bure juu ya paa la maabara yoyote kutoka Kahawa hadi Makongeni ya Thika.

Faida ya upimaji huo si ya wanasayansi peke yao. Muuzaji anapotaka kumthibitishia mteja kwamba paneli ni nzima, huitoa nje, akaibana kwa waya za mita yake, akasoma volti. Inaonyesha 22, mteja anaridhika. Tuseme ni paneli ya silikoni isiyo na fuwele, na mkondo wake wa juu kabisa ni ampea 1. Nguvu anayoipata mteja si zao la namba hizo mbili, bali ni zao hilo likizidishwa kwa kigezo cha umbo la mchoro wa mkondo na volti. Kigezo kikiwa 0.55, paneli inatoa wati 12. Kikishuka hadi 0.40 kwa sababu umeme unavuja ndani ya utando, inatoa wati 8.8, na mita ya muuzaji inaendelea kusoma 22 kama jana. Zaidi ya robo ya nguvu imepotea bila kuonekana. Ili kuiona, ni lazima uchore mchoro mzima, jambo ambalo kifaa kilichotengenezwa na wanafunzi wa uhandisi wa umeme kinaweza kulifanya kwa muda mfupi, mradi pawe na seli ya rejea ya kusema jua la wakati ule lilikuwa kali kiasi gani.

Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwataka mafundi na wauzaji wa mifumo ya umeme wa jua wawe na leseni, na Shirika la Viwango la Kenya lina viwango vilivyotokana na vile vya IEC. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni takwimu za nje ya kabati, za mwaka baada ya mwaka, zinazoweza kuwekwa mbele ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli na kusemwa: hivi ndivyo aina hii ilivyokuwa baada ya masika matatu ya Kiambu.

Tando zilizo juu ya paa tayari

Msomaji anaweza kusema kwamba tando nyembamba zimepitwa na wakati, kwa kuwa silikoni ya fuwele imeshinda. Atembee Ruiru na kutazama juu. Kwenye magorofa mengi ya kupangisha na nyumba za mitaa mipya kuna hita za maji zenye mabomba meusi ya kioo yaliyopangwa chini ya tangi. Kanuni nyingine za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe hita za jua, na mabomba hayo, kwa sehemu kubwa kutoka China, yakawa jambo la kawaida. Kila bomba ni mawili: moja ndani ya jingine, katikati yake ombwe. Juu ya bomba la ndani pamepakwa alumini, na juu ya alumini matabaka ya alumini iliyochanganyika na nitridi yake, metali ikipungua kadiri unavyokwenda nje. Mtindo huu ulikuzwa katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, katika miaka ya 1980. Unafyonza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa jua na kurudisha chini ya asilimia 10 ya joto ambalo uso mweusi wa kawaida ungelirudisha. Unene wake wote hauzidi sehemu ndogo ya mikromita.

Mabomba hayo yana jambo la kumfurahisha mwalimu yeyote wa upimaji. Kwenye ncha ya chini ya kila bomba kuna doa linalong'aa rangi ya fedha. Huo nao ni utando, wa bariamu, uliofukizwa ndani makusudi ili unase hewa kidogo inayojitokeza. Ombwe likipotea, bariamu huungana na oksijeni na doa hugeuka jeupe. Fundi anayelijua hilo anaweza kuukagua mfumo mzima kwa macho, bila kifaa chochote, na kusema ni bomba gani limekufa. Kipimo kizuri kilichofikiriwa mapema na kuwekwa ndani ya bidhaa yenyewe kinamfikia hata asiyejua jina la bariamu. Swali la utafiti linafuata lenyewe: mabomba ya Ruiru hupoteza ombwe baada ya miaka mingapi, na mipako yake hupauka kwa kasi gani? Jibu linahitaji ngazi, daftari na spektrofotomita iliyopo tayari.

Upimaji si kazi ya daraja la pili kwa wasioweza kuvumbua. Walter Njoroge, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliandika mwaka 2002 pamoja na Han-Willem Wöltgens na Matthias Wuttig, huko Aachen, makala kuhusu mabadiliko ya msongamano wa utando wa jemaniamu, antimoni na teluriamu unapogeuka fuwele. Maada hiyo ni ya kumbukumbu za kompyuta, si ya nishati, na makala haikudai kuvumbua utando mpya. Ilipima kwa makini jinsi utando unavyosinyaa, kwa asilimia 6 hivi, na namba hiyo imewafaa wahandisi wa kumbukumbu duniani kote tangu wakati huo. Sijui kazi nyingine ya fizikia ya tando yenye jina la Kahawa iliyosomwa na kutajwa zaidi ya hiyo.

Na mji wa Ruiru wenyewe una mfano wa subira ninayoizungumzia, ingawa ni wa shambani. Mwaka 1968 ugonjwa wa chulebuni uliikumba kahawa ya Kenya vibaya. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilianza kuzalisha aina mpya, na Ruiru 11 ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Miaka iliyopita kati ya tarehe hizo mbili haikutumika kuzalisha mbegu tu. Ilitumika kuiotesha miche, kuiacha ipigwe na mvua na ugonjwa, kuhesabu, kuchuma, kuonja na kuanza upya. Hakuna mkulima ambaye angekubali aina ya kahawa iliyothibitishwa kwa jani moja lililotazamwa chini ya hadubini. Utando wa kuzalisha umeme kwa miaka 20 unastahili angalau nusu ya subira hiyo.

Pingamizi na mpaka wake

Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya hoja hii ni la kielimu: kutengeneza ndiko kunakofunza. Mwanafunzi aliyeunguza sampuli na kubadili joto hadi akapata kioo kinachopitisha umeme ameielewa kemia kwa namna ambayo msoma-mita hataielewa. Nakubali. Sisemi mabamba ya moto yazimwe. Kuna pia pingamizi la kiuchumi. Kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024, mchanga wa Kwale ulitoa rutaili na ilmenaiti zilizosafirishwa kupitia Likoni, huku maabara zetu zikiagiza dioksidi ya titani ya nano kwa vichupa kutoka ng'ambo. Hilo ni aibu, na anayetaka kulirekebisha ana haki ya kutengeneza.

Bado napendelea utengenezaji uchague mahali ambapo malighafi na kiwanda viko jirani. Thika ni mji wa makadamia. Tangu mwaka 2009 sheria imezuia kuuza nje makadamia yenye maganda, isipokuwa kwa kipindi kifupi zuio lilipoondolewa kuanzia mwishoni mwa 2023, kwa hiyo maganda yake magumu hubaki hapa, mengi yakiishia kwenye tanuri za kuchemshia maji viwandani. Yakikaushwa, yakachomwa bila hewa, kisha yakapikwa na hidroksidi ya potasiamu kwa joto la nyuzi 700 hadi 800, hutoa kaboni yenye vitundu visivyofika nanomita 2 na eneo la uso linaloweza kupita mita za mraba 1,000 kwa gramu. Kaboni ya namna hiyo hutumika katika kapasita kubwa za kuhifadhi umeme. Ni njia inayojulikana, malighafi ipo, na wahitaji wanaongezeka kadiri viwanda vinavyofunga sola juu ya mapaa.

Lakini hata hapa udanganyifu wa kipimo unangoja mlangoni. Yury Gogotsi na Patrice Simon walionya mwaka 2011 kwamba elektrodi nyembamba mno, yenye miligramu chache au pungufu ya moja kwa sentimita ya mraba, hutoa namba za kupendeza ambazo hazibaki pale elektrodi inapofanywa nene kama za kiwandani, karibu miligramu 10. Kaboni ya Thika ikitangazwa kwa namba za elektrodi nyembamba, mwenye kiwanda atakayeijaribu atakatishwa tamaa, na hatarudi chuoni mara ya pili. Kwa hiyo nampa mtengenezaji ruhusa yake, kwa sharti la kupima katika hali ambayo mtumiaji ataikuta.

Ninachopendekeza ni kidogo. Jukwaa moja la nje Juja, jingine Kahawa, la tatu juu ya paa la kiwanda Thika kwenye vumbi na moshi halisi. Kila jukwaa liwe na seli ya rejea, vipimajoto, kifaa cha kuchora mkondo na volti, na mtu anayelipwa kulisafisha na kulilinda. Juu yake ziwekwe paneli za sokoni za kila aina, mabomba ya hita, na sampuli za maabara zikiwa zimefunikwa inavyotakiwa. Takwimu zitolewe wazi kila mwezi, pamoja na majina ya aina zilizopimwa, ili mnunuzi wa Gatundu na mdhibiti wa Nairobi wasome karatasi moja. Vyuo hivi vigawane mashine ghali badala ya kila kimoja kuomba yake, na sampuli moja izungushwe kati ya maabara zote mara kwa mara ili ijulikane kama namba za Kahawa na za Juja zinakubaliana.

Bodi za masomo ya uzamili zina mamlaka ya kuanza bila kungoja Bunge wala mfadhili. Zikatae maneno «unafaa kwa matumizi ya seli za sola» pale ambapo hakuna seli iliyopimwa. Zidai ukubwa wa kosa kando ya kila namba, na jina la sampuli ya rejea. Zihesabu miezi 12 ya vipimo vya nje kuwa kazi kamili ya shahada ya uzamili, yenye heshima sawa na utando mpya. Mwanafunzi atakayeanika sampuli zake juani Januari atakuwa na takwimu za mwaka mzima kabla ya kutetea tasnifu yake.